Ukienda Ziwa Nakuru, ingilia kusini

Mpwa wangu wa Thika alinipigia simu Jumanne usiku, watoto wakiwa wameshalala, akaruka salamu na kwenda moja kwa moja kwenye haja yake. "Mjomba, wewe ni mtu wa Nakuru. Jumamosi tunaleta watoto mbugani, na mama mkwe anakuja pia. Tuingilie lango lipi?"

Alikuwa ameshauliza watu watatu. Mwenzake wa kazini alimwambia aende lango kuu, kwa kuwa kubwa ndilo lenye huduma zote. Jirani yake ambaye ni dereva alimwambia Lanet, asije akakwama kwenye msongamano wa mjini. Wa tatu alimwambia asijisumbue kichwa: malango yote ni sawa, wanyama ni wale wale na ziwa ni lile lile.

Huyo wa tatu ndiye aliyenikera. Niliwahi kumwambia mpwa wangu maneno mawili tu, "Nendeni Nderit," kisha simu yake ikazimika kwa kuisha chaji. Deni la maelezo nikabaki nalo, na kwa kuwa swali lake ni la kila anayepanga kuja huku likizo hizi, nalilipa hapa hadharani.

Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru si kubwa. Ukijumlisha maji na nchi kavu unapata kilomita 188 za mraba, zote ndani ya ua wa umeme. Ndovu usiwatafute, hawamo. Nafasi yenyewe isingewatosha. Mgeni ana malango matatu. Lango kuu liko kaskazini, ubavuni kabisa mwa jiji, mwendo wa dakika chache kutoka katikati ya mji. Lango la Lanet liko upande wa mashariki, unaloliendea kwa kuacha barabara kuu ya Nairobi kabla hujaingia mjini. La Nderit liko kusini mashariki, mbali na kelele, na wengi wa wageni wanaokuja kwa mara ya kwanza hawajui hata kama lipo.

Kwa kuwa gari linaweza kuzunguka sehemu kubwa ya mbuga kwa siku moja, mtu huona kwamba hakuna tofauti. Lakini asubuhi ni moja. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili, na saa mbili za kwanza baada ya hapo ndizo zenye mambo: ukungu bado umelala juu ya maji, simba bado yuko barabarani, vifaru bado wanakula. Ifikapo saa nne jua limekuwa kali na kila mwenye akili yuko kivulini, isipokuwa watalii. Ukichagua lango umechagua mahali utakapokuwa katika saa hizo mbili. Sehemu nyingine zote za mbuga utaziona mchana, zikiwa zimechoka.

Hiyo ni sababu ya kwanza, nayo ni ndogo. Kubwa inahitaji nianze na vumbi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1996 nilikuwa darasa la saba, na shule yetu ilifanya kile ambacho shule za Bonde la Ufa zimekuwa zikifanya tangu jadi: ilikodi basi ikatupeleka Ziwa Nakuru kutazama heroe, hao ndege wenye miguu mirefu ambao sisi sote tulizoea kuwaita flamingo. Mwalimu wa sayansi alikuwa ametupasha moto wiki nzima. Angechora ziwa ubaoni, kisha achukue chaki nyekundu aipake ukingoni, aseme hiyo yote ni ndege. Tuliingilia lango kuu, kama shule zote. Basi likashuka kuelekea ufukweni, likasimama, na tukatokeza vichwa madirishani.

Hapakuwa na ziwa. Palikuwa na uwanja mweupe, mpana kuliko uwanja wowote niliowahi kuuona, na upepo ukiuchota ule unga wa magadi na kuutupa machoni mwetu. Vijana walianza kuandika majina yao kwa kidole kwenye vioo. Kuna mmoja aliyeuliza, kwa sauti ya kweli wala si ya utundu, "Mwalimu, ziwa limeenda wapi?" Mwalimu alinyoosha mkono kuelekea mstari mwembamba uliokuwa uking'aa kwa mbali kama kisu. Tukafunga madirisha. Nilirudi nyumbani na ladha ya chumvi mdomoni, na hadi leo nikisikia wazee wakisema kwamba jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, sihitaji ushahidi zaidi.

Miaka 17 baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye gari la mkopo, nilirudi kwenye lango lile lile na sikulipata. Lilikuwa ndani ya maji. Ziwa lililonitupia vumbi usoni lilikuwa limeanza kupanda tangu 2010 hivi, likameza ufuo, likameza barabara ya kando ya maji, likafika kwenye lango na ofisi za shirika la wanyamapori, KWS, zikabidi kuhamishiwa juu. Nilisimama nikatazama kuta nilizozipita nikiwa mtoto, maji yamefika madirishani, na juu ya paa ametua mnandi, mabawa kayaanika wazi kama shati kwenye kamba. Na maji hayakuishia hapo. Mwaka wa 2020 yalivuka ua wa mbuga na kuingia kwenye nyumba za watu mitaa ya Mwariki. Ziwa lililokuwa na kilomita za mraba 40 hivi kabla ya kuanza kupanda lilikuwa limepita 60.

Kwa hiyo, mpwa wangu, anayekwambia malango ni sawa hajui kwamba lango lenyewe limewahi kuhama. Sisi tulidhani tumechagua mahali pa kuingilia ziwani. Ziwa likatuonyesha kwamba linaweza kutuchagulia.

Mzunguko ambao wageni wengi hupelekwa hadi leo ulipangwa kwa ajili ya ziwa jingine, lile la kwenye kadi za posta. Unaingilia lango kuu, unashuka moja kwa moja majini kutafuta rangi ya waridi, unapanda Baboon Cliff upige picha, unakula, unazunguka kutafuta kifaru, unatoka. Mzunguko huo ulikuwa na maana wakati heroe walipokuwa wakijaa hapa kupita milioni. Mahali penyewe palitengwa kwa ajili yao: palianza kama hifadhi ya ndege mwaka 1961, pakawa mbuga ya kitaifa mwaka 1968. Mwaka 1990 pakawa ardhioevu ya kwanza ya Kenya kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, na mwaka 2011 ziwa likaingia katika urithi wa dunia pamoja na ndugu zake Elmenteita na Bogoria.

Lakini heroe ni mgeni anayefuata chakula, hafuati vyeo. Wale wadogo, ambao ndio wengi, hula mwani mdogo sana uitwao spirulina, na mwani huo hustawi kwenye maji ya magadi makali. Mvua ikizidi, ziwa hujaa, magadi huchujuka kama supu iliyoongezwa maji kwa ajili ya wageni wasiotarajiwa. Mwani hupungua, na ndege huondoka usiku mmoja kwenda Bogoria au Elmenteita au kuvuka mpaka. Kwa kutaga hawapategemei hapa; kiota chao kikuu Afrika Mashariki ni Ziwa Natron, Tanzania. Baadhi hurudi magadi yakikolea. Unaweza kuwakuta kundi zima kwenye ghuba moja, unaweza kuwakuta ishirini. Mtu akianza ziara yake kwa kuwatafuta heroe, siku yake imewekwa rehani kwa ndege ambaye labda yuko Bogoria tangu juzi. Nimewaona watalii wakizunguka ufuo wa kaskazini kwa saa mbili, nyuso zimekunjamana, huku kando yao wari elfu moja wamejipanga majini na hakuna anayewatazama. (Wari hapa ni ndege wale wenye mfuko chini ya mdomo, si wale wa jandoni na unyagoni.)

Na hao wari wana kisa chao. Ziwa hili la magadi halikuwa na samaki. Kuanzia miaka ya 1950 akaletwa perege mdogo wa Ziwa Magadi, anayestahimili magadi, ili ale viluwiluwi vya mbu waliokuwa wakiwasumbua watu wa mji. Samaki walizaana. Wari wakasikia, sijui kwa nani, wakaja kwa maelfu. Mji ulitaka kuondoa mbu ukapata ndege wenye uzito wa mtoto wa shule ya chekechea. Mambo ya ziwa hili huwa hivyo: kila kinachoingizwa hugeuka kitu kingine.

Sasa basi, malango.

Lango kuu lina sifa zake na sitalionea. Ukija kwa matatu ndilo peke yake utakalolifikia bila kuuza mbuzi. Ukiwa na watoto wadogo wanaohitaji choo kila baada ya nusu saa, au mgonjwa, au una nusu siku tu, lichukue. Ukishaingia, muda si mrefu utafika kwenye jambo ambalo halipo kwenye kadi za posta: migunga iliyokufa. Ile migunga ya manjano iliyokuwa ikiota kando ya ziwa, maji yalipoizunguka ilisimama mwaka, miwili, kisha ikafa wima. Sasa ni mifupa mieupe ndani ya maji, na kila tawi lina ndege. Ni mahali pazuri kwa namna ya kutisha. Lakini nyuma yako kuna jiji. Unasikia honi za bodaboda, unaona mabati, na kama upepo unatoka huko unajua kwamba hata maji taka ya mji yana mabwawa yake karibu na hapa. Tangu Desemba 2021 Nakuru ni jiji la nne la Kenya, na linapumulia ziwa shingoni. Ni kweli inayofaa kuonekana. Ila ukianza nayo huwezi kuiondoa machoni. Kila kifaru utakayemwona baadaye utamwona kama mnyama aliyefungiwa kwenye ua wa nyuma wa mji.

Lanet ni lango la aliyechelewa. Halina ubaya, na linakuweka karibu na mteremko wa Lion Hill penye msitu wa zile euforbia ndefu zenye mikono kama vinara vya mishumaa. Umetoka Nairobi, saa zimekwenda, hutaki kuingia mjini: ingia Lanet, basi.

Nderit ndilo lango langu, na hapa naomba subira kidogo.

Lala Gilgil au Elmenteita. Amka saa kumi usiku, beba sweta, kwa sababu ziwa liko mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari na baridi ya alfajiri hapa haina adabu. Ukiingilia Nderit, hutaliona ziwa. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolipenda. Unaona nyasi, zimelowa umande hadi zinaonekana kijivu, na juu yake migongo. Mingine ni ya nyati. Mingine, ukikaa kimya na kuzima gari, inageuka kuwa vifaru weupe, vichwa chini, wanakata majani kwa midomo mipana kana kwamba wamelipwa kwa kibarua. Ukiwa karibu vya kutosha na upepo ukiwa upande wako, unausikia mkato wenyewe: krrp, krrp, krrp, kisha pumzi ndefu. Mtoto wangu wa pili, alipokuwa na miaka mitano, alisema ni kama mtu anayerarua daftari. Mbuga hii ilifanywa makao ya kuhifadhi vifaru miaka ya 1980, wakati ujangili ulipokuwa umewamaliza kwingine, na ule ua wa umeme unaowaudhi wapiga picha ndio uliowaokoa. Twiga nao hawakuzaliwa hapa. Wale wa Rothschild, wenye miguu ya chini isiyo na madoa kama waliovaa soksi nyeupe, waliletwa kutoka upande wa Soy miaka ya 1970 mashamba yalipowabana.

Kisha unafika kwenye mito, nayo ndiyo sababu yangu hasa.

Ziwa Nakuru halina mlango wa kutokea. Hakuna mto hata mmoja unaotoka ndani yake. Maji huingia, hukaa, hupanda juu kama mvuke, na yaliyoletwa na maji hubaki: magadi, udongo, dawa za mashambani, chupa. Kusini huingia Makalia na Nderit. Kaskazini magharibi huingia Njoro. Yote mitatu huanzia huko juu Mau, na yote ni mito ya msimu: Februari unaweza kuruka mmojawapo bila kulowesha kiatu, Mei usithubutu. Maporomoko ya Makalia, kwenye ncha ya kusini ya mbuga, wakati wa kiangazi huwa ni mwamba uliolowa tu. Wageni hufika hapo, wakatazama, wakacheka. Mimi napapenda hata pakiwa pakavu, kwa sababu unasimama juu ya mwamba na kujua kwamba chochote kitakachotokea ziwani kitapitia kwanza hapa, kati ya miguu yako. Mwaka wa 2001 serikali iliondoa hekta zipatazo 35,000 za msitu wa Mau Mashariki na kuzigawa kwa makazi. Wataalamu wanalaumu hasa mvua nyingi kwa kupanda kwa maziwa yetu, kwa sababu Baringo na Naivasha nayo yalipanda. Lakini mlima uliovuliwa miti hauwezi tena kuyashika maji ya mvua hiyo. Unayaachilia yote kwa mkupuo, pamoja na udongo wake. Ukianzia kusini unaingia kama maji yanavyoingia. Unaliendea ziwa kutoka upande wa sababu zake.

Na linakuja polepole. Kwanza harufu, ile ya magadi, kama ya kiberiti kilichowashwa jana. Halafu migunga iliyo hai. Halafu kuro, wengi kupita kiasi, wakionyesha lile baka jeupe la matakoni kama aliyekalia benchi lililopakwa rangi sasa hivi. Ndipo maji yanapofunguka mbele yako, saa tatu asubuhi, na hujaona paa la bati hata moja.

Baada ya hapo fanya upendavyo, lakini Baboon Cliff iache hadi alasiri. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukianza na mahali pa juu utakuwa umeyamaliza yote kwa jicho moja, na kilichobaki ni kuthibitisha tu. Ya pili ni chapati. Mwaka mmoja nilikodi gari la kampuni moja ya utalii, sitaitaja, na dereva, ambaye alikuwa na haraka zake, akatupandisha juu huko asubuhi kabla hatujanywa chai. Tukatandaza leso, tukafungua mfuko wa karatasi. Sikumwona nyani akija. Nilichokiona ni mkono mweusi, mrefu, wenye kucha safi, ukiingia kati yangu na mke wangu kwa upole wa mhudumu wa hoteli, ukachukua chapati nne zikiwa zimekunjwa, ukaziacha mbili. Alikwenda kukaa kwenye ukuta mita tano kutoka kwetu, akazikunjua moja moja na kuzila akitutazama. Ukipanda alasiri, chakula kimeshaliwa na mwenye nacho, jua liko mgongoni mwako, na ziwa zima liko chini: nyasi za kusini ulikotoka, mifupa ya migunga, na ng'ambo ya maji, jiji, mabati yake yaking'aa hadi mguuni mwa mlima Menengai. Saa hizo unaweza kulitazama jiji bila kinyongo. Kisha teremka, utokee lango kuu, ukale samaki mjini.

Najua nitakavyojibiwa. Rafiki yangu mmoja anayeendesha watalii aliniambia kwamba ushauri huu ni wa watu wenye gari na usiku wa kulala Gilgil, na ana haki. Kuchagua lango ni anasa. Nawajua vijana waliokulia mitaa iliyopakana na ua wa mbuga, wanaosikia fisi usiku kama wengine wanavyosikia mbwa wa jirani, na ambao hawajawahi kuingia ndani hata mara moja. Kwao swali si lango lipi, ni nauli ya nani na tiketi ya nani. Shule ndizo zilizowahi kuwaingiza wengi wetu, na ziliingilia mahali pamoja tu. Sina jibu la hilo kwenye ukurasa huu. Namwambia tu yule mwenye nafasi ya kuchagua asiitupe.

Na mambo machache ya mkononi, kwa kuwa mpwa wangu ni mtu wa orodha. Pesa taslimu usizitegemee langoni. Lipia kwa eCitizen ukiwa bado kwenye mtandao mzuri, maana kusini mtandao huja na kuondoka kama mvua ya Machakos. Jaza mafuta kabla. Maji yabebe kwenye chupa za kudumu: tangu Juni 2020 plastiki ya kutupa hairuhusiwi mbugani, na nimeona familia zikinywa lita tano langoni kwa mkupuo ili zisiziache. Na kama imenyesha, ogopa udongo mweusi wa kusini. Gari dogo pakiwa pakavu linapita vizuri. Pakilowa, hapana.

Hilo la mwisho nililiandika mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

Ijumaa usiku ilinyesha. Jumamosi saa kumi na mbili na robo simu ikalia. "Mjomba," mpwa wangu akasema, na nyuma yake nilisikia tairi likizunguka bure na mtoto akicheka, "barabara yako imegeuka uji." Probox yao ilikuwa imezama hadi mhimili, kabla hata ya kuliona lango. Wanaume wawili waliokuwa wakipeleka maziwa waliwasukuma, wakawaambia wageuze, na saa tatu kasoro wakaingilia lango kuu nyuma ya mabasi manne ya manjano ya shule. Nilizima simu nikaenda kupalilia.

Jioni ndipo nilipopata habari zote. Kumbe walikuwa hawajakwenda mbali. Pale barabara inapovuka Mto Njoro, mama mkwe, ambaye tangu alfajiri alikuwa kimya kwenye kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, alisema gari lisimamishwe. Hairuhusiwi kushuka hapo, akaambiwa. Akasema hashuki. Akateremsha kioo. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya kakao, umebeba matawi na kandambili moja. Mama yule alizaliwa Njoro, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu, na mpwa wangu hakuwahi kulijua hilo, wala mimi. Kila asubuhi kabla ya shule alikuwa akishuka kwenye mto huu na debe. Maji yalikuwa baridi, akasema, na uliweza kuona mawe. Walikuwa na jiwe lao la kusimamia, yeye na dada zake, na mahali pa kuchotea palikuwa juu ya mahali pa kufulia, na ole wako ukichanganya.

Yule mtoto mkubwa, wa miaka minane, akauliza maji hayo yanakwenda wapi.

"Hapo tu," bibi yake akamjibu, akionyesha kwa kidevu.

Walikaa hapo dakika arobaini. Mabasi yote manne yaliwapita. Vifaru walikuja kuwaona saa saba mchana, wamelala chini ya mti, na kwenye picha aliyonitumia huwezi kujua yupi ni kifaru na lipi ni jiwe.